Ngozi ya Ng'ombe wa Karatasi

Uji wa wanafunzi mia tatu na sitini haungoji shida ya mtu. Saa kumi na moja alfajiri Febronia alikuwa ameshamimina unga kwenye sufuria kubwa la shule, anakoroga kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka kwa moshi. Shule ilinunua kuni mbichi kwa sababu bei yake ni nafuu, na walioamua hivyo hawajawahi kuzipuliza.

Mshahara wake wa miezi miwili ulikuwa haujatoka. Mhasibu wa shule alisema fedha za chakula ziko njiani. Alisema hivyo Jumatatu, na Jumatatu ya kabla ya hapo, na Febronia alishaanza kuamini kwamba fedha hizo zinatoka Dodoma kwa miguu.

"Nipe mwiko, wewe nenda," alisema Janeth, mpishi mwenzake. Kisha akachungulia kikapu cha Febronia. "Na hiyo kamba? Unaenda mnadani?"

"Naenda kumchukua ng'ombe wangu kwa shemeji."

"Wewe una ng'ombe?"

"Wa karatasi," Febronia alisema, akafunga kitenge vizuri na kutoka.

Alikuwa na sababu ya kubeba kamba. Huku Ilongero, mtu mwenye mifugo mingi kuliko mikono, au mjane asiye na wa kuchunga, humpa ndugu ng'ombe wa kumlelea. Sheria yake kila mtoto anaijua. Maziwa na samadi ni vya mlezi, kwa jasho lake. Ng'ombe mwenyewe na ndama atakaowazaa ni wa mwenye mali. Siku mwenye mali akimtaka ng'ombe wake, huja na kamba asubuhi, huiweka mlangoni, na hakuna maneno mengi. Ng'ombe akifa mikononi mwa mlezi, mlezi huleta ngozi. Haketi mpaka mwenye mali aigeuze ngozi ile na kuikagua kama ina alama za kisu, ajue kama mnyama alikufa au alichinjwa.

Mume wake Simoni alipofariki alimwachia ng'ombe wanne. Mwaka 2019 ukame ulikuwa umeanza kuwakondesha, na mwezi huohuo kijana mwenye tai alikuja ofisi ya kata kufundisha watu mambo ya hisa. Alibandika picha mbili ukutani. Ya kwanza ilikuwa Nyanda Saruji, kampuni ya kutengeneza saruji, ambayo kila Juni huwagawia wenye hisa sehemu ya faida. Hilo ndilo gawio, alisema. Ya pili ilikuwa Uwanda Alizeti, kampuni changa ya kukamua mafuta, ambayo haikutoa gawio hata senti. Faida yake yote ilirudishwa kununua mashine.

"Sasa mimi nitakula mashine?" aliuliza mzee mmoja, na ukumbi mzima ukacheka. Febronia alicheka kuliko wote. Aliyekulia zizini hafundishwi kuchagua ng'ombe. Unainama, unatazama kiwele.

Aliuza wanyama wote wanne, akapata milioni mbili na laki nne, akanunua hisa elfu moja na mia mbili za Nyanda Saruji, kila moja shilingi elfu mbili. Tatizo lilikuwa kitambulisho. Alijiandikisha cha taifa na kila akienda kuuliza aliambiwa bado. Bila kitambulisho huandikishwi hisa. Alute, kaka mkubwa wa marehemu Simoni, alikuwa nacho, na akaunti ya benki alikuwa nayo tangu alipokuwa dereva wa halmashauri. Basi hisa zikaandikwa kwa jina la Alute. Hakuna aliyeona ajabu. Ng'ombe wamepewa mlezi.

Na kwa kuwa mlezi hunywa maziwa, gawio likawa la Alute. Hakuiba. Kila Juni alimletea shemeji yake kilo tano za sukari na kitenge, kama mlezi mwema anavyomtumia mwenye mali kibuyu cha maziwa mgando, na Febronia alishukuru kwa moyo. Yeye alijua kitu kimoja tu, kwamba ng'ombe yupo, na siku ya shida atakwenda na kamba.

Siku ya shida ilikuwa leo, Ijumaa. Wapimaji wa ardhi walipopita walikata eneo la Simoni viwanja viwili. Chenye nyumba Febronia alikilipia mwaka jana kwa kuuza mabati ya jikoni. Cha pili, namba 114, kipande cha hatua ishirini kinachopakana na barabara, kilikuwa bado. Ada ya upimaji ni laki mbili na elfu themanini na tano, mwisho Ijumaa saa tisa alasiri, la sivyo kinapewa waombaji waliopo kwenye orodha. Hapo barabarani ndipo alipotaka kujenga kibanda cha kupikia, apike chai, wali na maharage ya kwake mwenyewe, awauzie madereva wa malori, aachane na kuni mbichi za shule. Alishawaza mpaka mahali pa kuweka pipa la maji. Hakuwa na ndoto nyingine, na hii hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa Janeth.

Alute alikuwa nje anapiga mswaki. Febronia aliweka kamba kizingitini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Mzee aliitazama kamba ile muda mrefu, mswaki ukiwa mdomoni. "Umekuja kumchukua."

"Nimekuja. Kiwanja kinafungwa leo saa tisa."

Alute alitema povu, akajifuta. "Mimi sikatai. Wa kwako. Ila gawio linaingia baada ya wiki mbili, shemeji. Nani anauza ng'ombe aliyejaza kiwele?"

"Wiki mbili nitakuwa sina kiwanja."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kitambulisho na shati la kwenda kanisani. Ndivyo alivyokuwa Alute. Hakuwa mbaya, na ubaya wake ungerahisisha mambo mengi.

Bodaboda ya mjini ilikuwa elfu tano mwaka jana. Kijana aliitaja elfu nane kila mmoja. "Mafuta, mama," alisema kabla hajaulizwa. Wakakubaliana kumi na mbili kwa wawili, wakapanda mshikaki, Alute katikati, Febronia nyuma na kikapu. Upepo wa Singida uliwapiga vumbi njia nzima, na mashamba ya alizeti yalikuwa yameinamisha vichwa pande zote mbili za barabara.

Ofisi ya wakala wa hisa ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa. Yule kijana wa tai alishahama zamani. Sasa alikuwepo binti anayeitwa Zabibu, wa familia ya wenye maduka hapo mjini, hijabu nyeusi, kompyuta mbele yake na feni isiyozunguka juu yake.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee." Akapokea kitambulisho, akabofya. "Mnataka kuuza zote?"

"Nusu," Febronia alisema. "Mia sita. Bei si elfu mbili?"

Zabibu alimtazama kwa huruma, na Febronia hakuipenda huruma ile. "Mama, hujafuatilia? Bei ya leo ni mia sita arobaini."

"Mia sita arobaini zote, au kila moja?"

"Kila moja. Lakini hata hiyo ni ya maandishi tu. Jana jioni kampuni imetangaza kuwa mwaka huu hakuna gawio. Asubuhi hii kila mtu anauza. Ona huku, wauzaji. Huku, wanunuzi." Akageuza kompyuta. Upande mmoja namba zilijaa mpaka chini. Upande wa pili ulikuwa mweupe.

Alute alikuwa wa kwanza kusema. "Hakuna gawio? Wanatoa kila mwaka. Mwaka jana ndiyo walitoa nyingi kuliko zote."

"Ndiyo hiyo, mzee. Walitoa nyingi kuliko walichopata. Tanuru la pili limekufa tangu mwaka juzi, hawakulitengeneza. Wameuza malori. Wamekopa benki. Juni ikifika, wanatoa gawio ili watu waendelee kusema Nyanda ni kampuni nzuri."

"Sasa kampuni utaijuaje kama ni nzuri, kama siyo kwa gawio?" Alute alisema kwa ukali kidogo. "Huyu shemeji yangu alichagua vizuri. Kulikuwa na ile nyingine ya alizeti, haitoi kitu. Ng'ombe asiye na maziwa utamfuga wa nini, wa kumtazama?"

Zabibu alisita, kisha akabofya tena. "Uwanda Alizeti ilikuwa mia tano mwaka ule. Leo ni elfu mbili na mia tisa, na wanunuzi wapo foleni."

Chini, mtu alikuwa akiulizia dawa ya kikohozi. Febronia hakuwa mtu wa vitabu lakini hesabu ya jikoni aliijua vizuri, na hii aliipiga kichwani bila kutaka. Milioni mbili na laki nne ingekuwa karibu milioni kumi na nne. Alitamani asingeweza kuzidisha.

"Sisemi gawio ni baya, mzee," Zabibu alisema taratibu. "Kuna kampuni zinatoa kila mwaka na ziko imara, baba yangu anazo. Ila gawio haliji kutoka hewani. Likitoka, bei ya hisa inashuka kwa kama kiasi hichohicho, kwa sababu hela imetoka ndani ya kampuni. Kampuni ikiwa na afya, inafanya kazi, inaijaza tena ile nafasi. Nyanda haikujaza. Ngoja niwatolee karatasi mwone wenyewe. Kuchapa ni elfu moja."

Alute alitoa elfu moja. Karatasi ikatoka mashineni, na Zabibu akaipitisha kalamu. Juni 2020, gawio mia mbili, bei kutoka elfu mbili mpaka elfu moja na mia nane. Juni iliyofuata, mia mbili tena, bei ikashuka tena. Mistari mitano, miaka mitano.

Febronia alifuata kwa kidole chake kilichokuwa na alama ya kuungua. "Ng'ombe ukimkamua leo," alisema polepole, "kesho si ni yuleyule?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu kila akikamuliwa anapungua."

"Ndiyo."

"Basi hayo hayakuwa maziwa."

Zabibu hakulielewa neno hilo. Alute alilielewa. Alijikuna shingo, akatazama dirishani, na kope zake zikaanza kupigapiga.

"Weka oda," Febronia alisema. "Uza hata kwa mia nne."

"Nitaiweka, mama, ila leo haitauzwa. Na hata ikiuzwa leo, hela inachukua siku kadhaa kuingia, halafu inaingia kwenye akaunti ya mzee, siyo yako. Ni lazima iwe ya aliyeandikwa."

"Iweke."

Alute akasaini. Saini ya kwanza haikufanana na ya kitambulisho, Zabibu akamwomba arudie.

Njiani kurudi kila mmoja alijifuta macho. Upepo uliwafaa, kwa kuwa mtu anaweza kusingizia upepo. Walipofika Ilongero saa nane kasoro, Alute akashuka na ile karatasi mfukoni, maana ina jina lake.

"Yale magawio, shemeji," Febronia alisema. "Yapo?"

Alute alijibu huku anatazama viatu vyake. "Nilipaua nyumba. Na ile dawa ya kifua. Nilikunywa kwa haki, Febronia. Kwani mimi nilijua?"

"Hukujua."

"Na wewe hukujua."

"Na mimi sikujua," alisema, akaenda zake. Hakuwa hata na wa kumkasirikia, na hilo lilimchosha kuliko safari. Angepata mwizi, angepiga kelele, watu wangekuja. Sasa angepiga kelele akisema nini?

Alipitia kwa Janeth akakopa elfu arobaini, akaongeza thelathini yake, akafika ofisi ya kata saa nane na nusu. Kulikuwa na meza moja ya kampuni ya upimaji na karani mmoja, Derick, kijana nadhifu mwenye soda ya baridi na fulana yenye nembo ya kampuni. Mbele ya Febronia walikuwepo watu wanne. Zamu yake ilifika saa tisa kasoro dakika kumi.

"Namba mia moja na kumi na nne," Derick alisoma. "Laki tatu na arobaini."

"Ni mbili themanini na tano. Nina karatasi yenu."

"Ilikuwa. Tangu Jumatano gharama zimepanda, mama. Tangazo liko pale."

Tangazo lilikuwa ndani ya ofisi ya mtendaji, ambayo ilikuwa imefungwa. Febronia hakubisha. Aliweka elfu sabini mezani, akazinyoosha noti moja moja. "Pokea hii. Nyingine nipe wiki moja. Nimeweka hisa zangu sokoni."

"Mfumo haupokei nusu, mama."

"Wewe upokee, mwanangu. Uandike kwa mkono."

"Nikiandika kwa mkono mimi ndiye nitaonekana mwizi." Alisema kwa upole, na Febronia aliona kwamba ni kweli, kijana angefukuzwa. "Mfumo unajifunga wenyewe saa tisa. Wala siufungi mimi."

Wakakaa wakautazama mfumo ule. Saa tisa kamili mstari wa 114 ukabadilika rangi, na Derick akavuta soda yake, akanywa kidogo, kama mtu anayetafuta maneno ya kumfariji.

"Ulisema una hisa? Mimi nataka nianze mambo hayo. Ipi inatoa gawio zuri?"

Febronia alikuwa anakusanya noti zake. Angeweza kumtukana, na pengine angepaswa. "Uliza kwanza ng'ombe anakula nini," alisema. "Ukishaambiwa, ndipo uulize anatoa lita ngapi."

Derick aliitikia kwa kichwa bila kuelewa, akaita namba inayofuata, na mtu wa nyuma akasogea.

Alirudi shule akapika maharage ya jioni. Janeth alimwona usoni, akamchambulia mchele sehemu yake bila kuombwa. Saa kumi na moja na nusu Febronia alifika nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, uso umeelekea barabarani, akakitazama kipande kile cha hatua ishirini. Vigingi vinne vya zege, kila kimoja na namba ya rangi nyekundu. Pale kigingi cha kushoto ndipo pangekuwa pa pipa la maji. Alilia kidogo, bila sauti, kisha akaacha kwa sababu kulia hakukubadilisha chochote na jirani alikuwa anapita na kuku.

Jua lilipokuwa chini, Alute alikuja. Hakubisha hodi wala hakuingia. Alisimama uani, kofia mkononi, kamba ya asubuhi imekunjwa vizuri begani, na karatasi ya Zabibu ameishika kwa mikono miwili mbele yake. Febronia aliutambua usimamaji ule, maana aliwahi kuuona utotoni, siku mjomba wake alipoletewa habari ya fahali wake.

"Karibu ukae, shemeji."

"Siwezi kukaa," Alute alisema. "Nimeleta ngozi."

Hakuwa anatania. Macho yake yalikuwa mekundu. Febronia aliinuka, akaipokea, akaigeuza mbele na nyuma kama inavyopaswa. Akasogea penye mwanga. Kidole chake kikapita juu ya mistari ile, Juni na Juni.

"Hapa," alisema. "Na hapa. Hapa. Na hapa. Na hii ya mwaka jana, ndefu kuliko zote." Akaishusha karatasi. "Huyu hakufa kwa ugonjwa, shemeji. Huyu alikatwa nyama akiwa mzima, kipande kila mwaka, tukaambiwa ni maziwa."

"Siyo mimi niliyeshika kisu."

"Najua siyo wewe."

"Sasa nani analipa?" Alute aliuliza. Aliuliza kwa dhati, mzee wa miaka sitini na minne, kwa kuwa katika sheria aliyoijua, kila ngozi yenye alama ya kisu ina mtu wa kulipa. Wazee huitwa, maneno husemwa, mtu hutoa mtamba. Febronia alifikiria kijana wa tai. Akafikiria Zabibu na feni yake, na Derick, na mfumo unaojifunga wenyewe, na watu wenye kampuni ambao hajawahi kuona sura zao na ambao hawatakuja Ilongero kuketi na wazee.

"Hakuna," alisema.

Alute aliweka kamba chini na bado hakukaa. Febronia akaichukua ile karatasi, akavuka mpaka wa kiwanja chake, akaingia namba 114. Katikati ya kipande kile alipiga magoti, akaitandaza karatasi juu ya ardhi, maandishi juu. Akatafuta mawe manne, akaweka moja kila pembe na kulikandamiza, jinsi ngozi mbichi inavyowambwa ili ikauke na kila apitaye aione. Upepo uliingia chini yake, ukaitunisha katikati, ukashindwa kuing'oa.

"Wenye kiwanja wakija kesho wataitoa," Alute alisema kutoka uani.

"Waitoe," Febronia alisema. Akakung'uta magoti, akaenda kutafuta jiwe la tano.